Sweta la Nkwimba Lililoingia Karashani

Nikiisimulia habari hii uso unanichoma, na sijui kama ni aibu au hasira. Nadhani ni hasira zaidi, maana aibu niliipata siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa yake, lakini hasira ninayo mpaka leo na kila nikiona mtoto wa shule kavaa sweta saa saba mchana inapanda upya. Hapa kijijini Mwakitolyo wote wanaisimulia tayari, kila mtu kwa namna yake, wengine wanasema nilikutwa na dhahabu kwenye sidiria (uongo, na aliyeanzisha namjua), kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mkicheka mcheke ya kweli.

Mimi nafanya kazi karashani. Kwa asiyejua, karasha ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa kwa mashine mpaka yawe unga, na sisi wanawake kazi yetu ni kuchekecha ule unga, laini unakwenda kuoshwa, chenga zinarudi kusagwa. Vumbi lake linaingia puani, kwenye kope, kwenye nywele hata ukifunga vilemba viwili. Na vumbi lile ni la tajiri, mwenye karasha. Ndiyo maana karasha letu lina sheria moja kubwa kuliko zote: nguo iliyoingia ndani haitoki. Ukifika asubuhi unavua nguo zako kwenye kibanda cha getini, unavaa gauni la kazi, jioni unaliacha gauni msumarini, na kila Jumamosi magauni yote yanafuliwa kwenye karai moja, maji yanaachwa yatulie, kinachobaki chini kinaoshwa kama mchanga mwingine wowote. Msione mzaha, vumbi la wiki nzima la wanawake wote wale linatoa kitu. Sheria hii naijua vizuri, tena mimi ndiye ninayewaeleza wageni wakija kuanza kazi.

Sasa sweta. Binti yangu Nkwimba yuko darasa la saba, na Ijumaa ile walikuwa wanaanza mtihani wa majaribio, ule wa kuwapima kabla ya mtihani wenyewe. Wiki mbili kabla alikuja na ujumbe kutoka shuleni kwamba siku ya mtihani kila mmoja awe na sare kamili pamoja na sweta lenye nembo ya shule, na asiye na sweta asije. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, asije. Jamani, sweta. Huku kwetu, ambako ikifika saa sita hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, mtoto avae sweta la sufu ndipo ajue kugawanya na kuzidisha. Na si sweta lolote, ni lile linalouzwa duka moja tu huko mjini, ukipeleka la mtumba la rangi ileile mtoto anarudishwa nalo. Nilifoka peke yangu jikoni mpaka nikachoka, halafu nikauza jogoo wangu nikaagiza sweta.

Na msinielewe vibaya, sare yenyewe siipingi. Hapa machimboni baba wa mtoto akipata mwamba mzuri leo, kesho mtoto anavaa viatu vinavyowaka taa kisigino, na mwezi ujao baba hana kitu, wamerudi kwenye mchicha. Bila sare watoto wangekuwa wanasomana nguo badala ya daftari. Shati jeupe, sketi ya bluu, wamefanana, yameisha. Ninachokichukia ni pale sare inapogeuzwa mlango, mwenye nayo aingie, asiye nayo akakae na mama yake. Mimi mwenyewe niliachia shule darasa la nne kwa sababu ya sketi. Ilichanika, baba akasema tusubiri mpaka pamba iuzwe, pamba ikauzwa, sketi haikununuliwa, na mimi nikawa nimeshazoea kukaa nyumbani. Kwa hiyo niliposikia lile neno asije, nilisikia la kwangu.

Sweta lilifika Jumatano jioni, la bluu iliyokolea, na nembo kifuani ya njano. Lilikuwa kubwa sana (niliagiza la kukulia, mtu hanunui sweta mara mbili), likamfika Nkwimba karibu na magoti, akacheka, akalikunja vizuri akaliweka juu ya begi lake.

Alhamisi hawakutakiwa kuvaa sare, walikuwa wanakwenda kudeki madarasa na kupanga madawati, kwa hiyo Nkwimba aliondoka mapema na gauni lake la kuchotea maji. Mimi nikabaki najiandaa. Ulikuwa ule wakati wa kipupwe, upepo wa alfajiri unakata masikio (ndiyo, najua, nimetoka kusema sweta halina maana huku kwetu, lakini saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba ni habari nyingine). Blauzi yangu niliifua usiku na haikukauka. Nilikuwa na singlendi ya zamani yenye matundu na kanga ya kiunoni. Nikaliangalia lile sweta. Nikasema moyoni, ni mpaka karashani tu, nitaliacha kibandani, jioni narudi nalo, nani atajua. Nikalivaa, na likanienea kama nilipimwa.

Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Sikulivaa kwa baridi peke yake. Nilipopita kwenye duka moja la kununulia dhahabu, lile lenye kioo, nilisimama nikajitazama. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, najitazama nembo ya shule. Mzee mmoja akanipita na baiskeli akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mwanafunzi," nikacheka nikamwitikia vizuri kabisa, nikaendelea kutembea nimenyoosha mgongo.

Kufika karashani nimechelewa, mashine inaunguruma tayari, msimamizi wetu Mzee Shija anaita majina. Kibandani kulikuwa na baridi kuliko nje. Nikafanya lile nililolifanya: badala ya kuvua sweta, nikavaa gauni la kazi juu yake. Nilijiambia gauni litalikinga. Kwa muda kidogo nilikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote pale, wenzangu wanatetemeka, mimi nina joto langu. Saa nne jua likawaka, nikashindwa, nikalivua nikalitundika kwenye nguzo nyuma yangu, pale pale kwenye vumbi, nikaendelea kuchekecha na kuwasimulia wenzangu umbea wa harusi fulani. Sikugeuka kulitazama mpaka jioni.

Jioni nililikung'uta mara tatu, nikalivaa juu ya singlendi kama nilivyokuja, nikafika getini. Mlinzi wetu anaitwa Masanja, kijana mpole, huwa ananisaidia kubeba ndoo.

"Mama Nkwimba, subiri kidogo," akasema.

"Nina haraka, mwanangu ana mtihani kesho."

"Asubuhi uliingia na sweta la bluu."

"Na hili ni la rangi gani?"

Aliligusa begani kwa ncha ya rungu lake, taratibu tu, na vumbi likaruka likatusogelea usoni wote wawili. Akakohoa. Mimi nikakohoa.

"Hili limeingia ndani, mama."

"Halikuingia. Lilikuwa kibandani."

Ningesema ukweli pale, labda yangeishia pale. Lakini nilishasema uongo, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanawake ambao siku nzima waliliona sweta likining'inia kwenye nguzo. Masanja akamwita Mzee Shija. Mzee Shija akaja, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mama Nkwimba, sheria unaijua kuliko sisi."

"Naijua mzee, lakini hili ni la mtoto. Asipolivaa kesho hafanyi mtihani."

"Liliingia au halikuingia?"

"Halikuingia."

Akawageukia wenzangu, akawauliza. Wote wakatazama chini, na mmoja (rafiki yangu, tunakula sahani moja) akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mama Nkwimba, sema tu ukweli twende nyumbani."

Mzee Shija akasema nilivue. Nikasema nitalivulia kibandani. Akasema hapana, nikirudi kibandani nitalikung'uta, nilivue hapa hapa. Nje ya geti wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya viroba vyao vya mawe wakisubiri zamu ya kusaga, wanaume kama ishirini, hawana kazi nyingine ila kututazama. Nikalivua. Nikabaki na singlendi yenye matundu, moja liko mahali pabaya, mikono nimeikunja kifuani. Mama Rehema anayeuza chakula hapo nje alitoka mbio na kanga yake akanifunika, akawaambia wale wanaume waangalie mawe yao. Mungu ambariki mama yule.

Kisha wakalifua sweta la mwanangu mbele ya watu. Walileta karai, wakalisugua kwa ile brashi ngumu ya kusugulia viroba, wakalikamua, wakalipiga kwenye jiwe, wakalikamua tena. Maji wakayaacha yatulie. Mzee Shija akayamwaga ya juu polepole, akatikisa karai kwa mikono miwili kama anavyofanya kila siku, na sote tukainama kuangalia, hata mimi, na pale ukingoni ukatokea mstari wa njano. Mwembamba, usingeweza kuushika kwa kidole. Lakini ulikuwepo, kila mtu akauona.

"Kumbe mama bado anasoma," mchimbaji mmoja akasema.

"Tena anafaulu," akajibu mwingine.

Wakacheka wote, hata Masanja aligeuza uso nikaona mabega yanacheka. Nikasikia neno mwizi, halikusemwa kwa nguvu, lilipita tu katikati ya kicheko. Mimi miaka sita karashani sijawahi kutoka hata na chenga kwenye kucha. Basi nikalipiga lile karai teke. Sikuwaza kitu, mguu ulikwenda wenyewe, karai likapinduka, maji na mstari wa njano vikaingia mchangani, na kicheko kikakatika palepale.

Mzee Shija aliutazama ule mchanga muda mrefu. "Sasa hapo umeharibu," akasema. "Kaa nyumbani mpaka tajiri arudi kutoka Kahama, aamue mwenyewe." Akanikabidhi sweta. Lilikuwa limevutika mikono mpaka ungedhani ni la mtu mwenye mikono minne, lina madoa ya kijivu kifuani, na nembo inaning'inia kwa uzi mmoja.

Nyumbani nilimwambia Nkwimba lilianguka kwenye tope. Aliliangalia, akaniangalia. Nikashona nembo, nikalitundika karibu na jiko, asubuhi likawa bado linachuruzika.

"Mama, niache niende hivihivi," akasema.

"Asiye na sweta asije. Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini? Vaa."

Akavaa. Sweta bichi, mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu. Akasema anaweza kwenda mwenyewe. Nikasema nampeleka, nataka nimwone atakayemrudisha. Njia nzima sikumsemesha, nilikuwa napanga maneno, na niwaambie ukweli, nilikuwa nayafurahia yale maneno.

Shule nzima ilikuwa imepanga mistari mbele ya bendera. Mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Neema, binti mdogo, hajamaliza hata miaka miwili pale. Akatusogelea akasema, "Shikamoo mama."

Sikuitikia. Mnajua kwetu hilo ni jambo gani, mtu akuamkie mbele ya watoto uache salamu yake hewani. Akauliza kwa upole kabisa, "Hili sweta mbona limelowa?"

Basi nikafunguka. Nilimwambia limelowa kwa sababu ninyi, kwa sababu mtu fulani amekaa kivulini akaona watoto wa Mwakitolyo wanahitaji sweta, nikamwambia nimeuza jogoo kwa ajili ya hili guo la kumpikia mtoto wangu joto, nikamuuliza swali gani kwenye mtihani linajibiwa na sweta, nikamuuliza yeye mwenyewe la kwake liko wapi (alikuwa na blauzi ya mikono mifupi, anatetemeka, maskini). Hapo ningenyamaza ningekuwa shujaa. Lakini hasira haina breki, nikaendelea, nikasema unajua mimi jana nimevuliwa nguo getini kwa ajili ya hili sweta, nimesimama na singlendi yenye matundu mbele ya wanaume ishirini, nimeitwa mwizi, wamelifua kwenye karai wakatafuta dhahabu, na wameipata, nikalipiga teke, na kazi sina, yote kwa ajili ya sweta lenu. Nilidhani namwaibisha mwalimu. Nilikuwa nasema kwa sauti ya kushindana na mashine, sauti yangu ya kazini, na watoto wote kuanzia chekechea mpaka la saba wamenyamaza wananisikiliza.

Ndipo nikamwona Nkwimba. Alikuwa amevuta mikono ya lile sweta akaificha mikono yake ndani, anaangalia vidole vya miguu.

Mwalimu Neema alisema, "Nkwimba, livue hilo sweta, utaumwa. Ingia ndani."

Alipokuwa analivua nikaona watoto kama sita, hawana sweta hata mmoja, wanatoka upande wa ofisi wanajifuta viganja kwenye sketi na kaptula, wakaenda wakaingia chumba cha mtihani na kalamu zao. Sikuelewa. Nikachukua sweta langu bichi nikarudi nyumbani.

Jioni Nkwimba alikula, akaosha vyombo. Nikamuuliza mtihani ulikuwaje, akasema ulikuwa mzuri. Halafu akasema, bila kunitazama, "Wasio na sweta walichapwa viwili wakaingia. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Wanasema usije, ukija unachapwa viwili, unaingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia."

Akamalizia kukausha sufuria, akasema, "Viwili vinaisha kabla hujakaa kwenye dawati. Sasa mimi wataniita Sweta mpaka namaliza shule."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa ameshapima kiboko na mama yake, akaona kiboko ni nafuu, na mbaya zaidi alikuwa na haki. Nilikaa pale jikoni na hasira zangu sijui nizielekeze wapi. Niwakasirikie walimu wanaotangaza kitu ambacho hawakitekelezi ila kwa fimbo? Nimkasirikie Mzee Shija aliyefanya kazi yake? Niwakasirikie wale wanaume? Niliwakasirikia wote, na bado nawakasirikia, lakini aliyevaa sweta la mtoto akajitazama kwenye kioo cha watu ni mimi.

Kazini nilirudishwa. Tajiri alicheka mpaka akakohoa, akasema nirudi, ila sasa Masanja ananikagua wa kwanza. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba Nkwimba siku hizi haniletei mimi ujumbe wa shule. Akiambiwa kitu anampelekea Mama Rehema, na Mama Rehema ananiambia nikienda kununua chai.

Ndivyo nilivyojua kuna mkutano wa wazazi. Nilikwenda nikakaa benchi la nyuma kabisa, nimefunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti akasema ajenda ni sare, na kwamba shule inapendekeza sweta liwe la lazima kila siku, si siku za mtihani tu, mwenye maoni anyooshe mkono. Benchi zote zikageuka zikanitazama mimi. Nilikuwa nayo maneno yote, jamani. La jua, la duka moja, la sketi yangu ya darasa la nne, la watoto wanaochapwa viganja dakika tano kabla ya kushika kalamu. Yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikaona dirishani vichwa vya watoto wanachungulia, kimoja kina vituta nilivyomsuka Nkwimba kwa mikono yangu, nikaangalia sakafu. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Wakapitisha.

Kwa hiyo kiapo changu ni hiki: nguo ya mwanangu sitaivaa tena hata nigande, na salamu ya mwalimu nitaiitikia hata nikiwa nimekuja kugombana naye. Lakini kunyamaza sijaapa. Kuna mkutano mwingine mwezi ujao na nataka kusema, kwa sauti ya kawaida, bila singlendi wala karai ndani yake. Juzi nikamuomba Nkwimba ruhusa. Amesema anafikiria.